Siku Sita Kigoma, Godoro Lenye Bonde

Hivi mpenzi msomaji, ni lini mara ya mwisho wewe na mwenzi wako mlipika pamoja? Sisemi mmoja apike na mwingine aangalie taarifa ya habari. Mimi nilikuwa sikumbuki, mpaka Septemba iliyopita tulipokwenda Kigoma.

Safari tuliipanga mambo yakiwa mazuri. Halafu mume wangu akapunguzwa kazini. Hela ya hoteli ikayeyuka, naye akawa mtu wa kujibu "sawa" na "vyovyote tu." Nikaona tukibaki Dar tutamalizana kwa kununiana. Nikatafuta nyumba ya kupanga kwa siku, maeneo ya Bangwe: chumba kimoja, sebule, jiko la gesi la pleti mbili na kibaraza kinachotazama ziwa. Godoro lilikuwa na bonde katikati na maji ya bomba yalitoka asubuhi tu.

"Samahani mke wangu," akasema akiweka begi chini. "Nilitaka nikupeleke pazuri."

Nikafungua dirisha. Ziwa Tanganyika hilo, la pili kwa kina duniani, mita 1,470 hivi, limetulia kama halina habari na mtu. Ng'ambo, milima ya Kongo.

Kwa kuwa hakukuwa na mhudumu wa kutuletea chai, ilibidi tutoke. Asubuhi tukapanda daladala hadi Ujiji, mji mkongwe ambako misafara kutoka pwani iliishia, na ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Tukaona kumbukumbu yao chini ya miembe, kisha tukaingia sokoni kununua mawese na ndizi. Mume wangu, ambaye Dar hajui hata bei ya nyanya, akaanza kupatana bei!

Jioni tukaenda mwalo wa Kibirizi kutafuta dagaa wabichi. Hakuna. Mitumbwi imepumzika ufukweni, wavuvi wanashona nyavu. Mama mmoja aliyekuwa anafungasha dagaa wakavu akacheka.

"Wanangu, mmekuja na mwezi."

Akatueleza. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi za betri na sola. Mwanga huwavuta juu, wavu unawazoa. Mbalamwezi ikijaa, ziwa zima linakuwa na mwanga na dagaa hawakusanyiki tena penye taa. Basi kila mwezi wavuvi hukaa nchi kavu siku kadhaa.

"Sasa siku hizo mnakula nini?" mume wangu akauliza.

"Tulichoanika, baba. Na mwezi si unapungua?"

Njia nzima hakusema kitu. Usiku akakaanga ndizi kwa mawese, nyingine akaziunguza. Mimi nikaunga dagaa wakavu kwa nyanya na pilipili, tukala kibarazani. Ndipo akaongea: siku aliyoitwa ofisini, aibu ya kumwambia mama yake, hofu ya ada ya watoto. Miezi mitatu nilikuwa nasubiri maneno hayo. Jibu la ada hatukulipata. Ila tulichukua bahasha ya khaki tukapiga hesabu pamoja, akiba yetu itatufikisha wapi. Miezi mitano. Si mingi, lakini sasa tuliijua wote wawili.

Na lile godoro, nikwambie ukweli, lina faida yake: hata mkigeuziana migongo, mtakutana tu katikati.

Ukitaka kwenda, tafuta nyumba yenye jiko, na kabla hujalipa uliza kuhusu maji na chandarua. Ulizia pia kama uvuvi umefunguliwa. Mwaka 2024 ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Na kama unataka dagaa wabichi, angalia kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi.

Usiku wetu wa mwisho mwezi ulichelewa kutoka. Tulikuwa kibarazani, sufuria bado hazijaoshwa, tukaona taa moja inawaka mbali ziwani. Kisha ya pili. Mume wangu akaanza kuzihesabu kwa sauti. Alipofika kumi na saba akapoteza hesabu, akacheka, akaanza upya.