Upatanisho Ndani ya Kitufe

Atungaye shairi ajua kwamba neno haliishi peke yake. Likibadilika la mwanzo, la katikati hutikisika, na la mwisho hudai haki yake. Sheria hii, tuliyoizoea sisi watu wa vina na mizani, husahauliwa mara nyingi na waunda programu wanapotengeneza sehemu ndogo ndogo za kurasa za mtandao: vitufe, visanduku vya fomu, na zile taarifa fupi zinazojitokeza baada ya kubofya.

Huku Ikolo, wilayani Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, tuko katika nchi ya mpunga na kokoa. Niliwahi kuletewa nitafsiri maneno ya ukurasa wa kupokelea mpunga ghalani. Yalikuja vipande vipande: jina la mzigo mahali pake, kitenzi mahali pake, tarakimu mahali pake. Programu ingeviunga yenyewe. Kiingereza huvumilia mshono wa namna hiyo, Kiswahili hakiuvumilii. Gunia 1 limepokelewa, magunia 3 yamepokelewa. Mfuko 1 umepokelewa, mifuko 3 imepokelewa. Mkulima akisoma “Gunia 3 limepokelewa”, atauliza: yamefika matatu, au limefika la tatu? Hapo kosa la sarufi limekwisha kuwa shaka juu ya mali yake.

Nikaomba nipewe sentensi nzima, yenye nafasi ya tarakimu tu: moja ya umoja, moja ya wingi. Hilo si ombi geni, kwani kanuni za Unicode zaitambua tofauti hiyo katika Kiswahili. Ila hazihesabu ngeli. Kwa hiyo kila nomino yataka sentensi zake.

Kosa jingine ni kitufe cha upana usiobadilika. “Hifadhi mabadiliko” yalikatwa yakabaki “Hifadhi maba”. Dawa yake ni kukiacha kitufe kitanuke kwa kadiri ya maneno, au maneno yashuke mstari wa pili.

Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, ilidhihirika kwamba lugha yetu yaweza kukaa ndani ya kompyuta kama mwenyeji. Basi fundi na amuulize mtafsiri kabla hajakata mbao. Mlango ukishapachikwa mfupi, anayegonga kichwa ni aingiaye, wala si aliyeupima.