Yule Tuliyemlaza Peke Yake



Katika gazeti letu hili mumezoea kusoma habari za mpira, za shamba la masomo, na mafumbo ya kalasi la pili. Leo sisi tunaolala katika nyumba ya pili tunataka kusimulia jambo lisilotupatia sifa. Mwenzetu ambaye habari hii ni yake alisoma karatasi mbele haijapigwa mashine. Alifuta mistari miwili, akaturudishia. Jina lake hatuliandiki. Tunamwita Yaya, kwa sababu anatupita miaka mitatu, na miaka hiyo mitatu ni ugonjwa uliomwibia.

Yaya ana kifafa. Alifika kwetu kalasi la tatu, akitoka upande wa Mahagi, katika Ituri, na hakutuambia kitu. Tuliona tu kovu la moto katika mkono wake wa kushoto, vidole viwili vimeshikana. Alisema ni maji ya moto yaliyomwangukia utotoni. Tena tuliona jambo lingine: usingizi. Alilala katika saa ya hesabu, alilala katika saa ya Kifaransa, na siku moja alisinzia akiwa amesimama kwenye mstari wa bendera. Tulimpa jina la Bwana Mto, na si mto wa maji, ni ule wa kitandani. Jina lilipendeza sana. Hata wadogo wa kalasi la kwanza walilijua.

Hatukujua kwamba usingizi ule ulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni dawa yenyewe. Kila jioni Yaya alimeza kinini cha fenobarbitali alichokificha ndani ya soksi, chini kabisa ya sanduku lake. Dawa hii inazuia kifafa, lakini inaweza kumfanya mtu kuwa mzito wa macho na wa mawazo, zaidi sana katika siku za kwanza au kipimo kikiwa kikubwa. Ya pili ni kwamba kifafa chake kinakuja usiku, yeye akiwa amelala. Wako watu wa namna hiyo: mchana wanatembea na kucheza kama sisi, usiku ndipo wanapigwa. Asubuhi mtu anaamka ulimi una kidonda, mwili unauma kama wa mtu aliyebeba magunia, shuka imelowa, na yeye mwenyewe hakumbuki kitu. Yaya alikuwa akiamka saa kumi ya usiku, mbele yetu sote, kwenda kufua. Sisi tulisema ni kijana msafi sana.

Sasa sherti tuseme la kwetu. Juu ya lile jina la Bwana Mto, Yaya aliacha kumeza vinini. Alitaka kukaa macho kama wengine. Kisha lilifika juma la mitihani, na sisi tuliwasha taa mpaka saa nane ya usiku, siku tatu mfululizo, naye akakaa pamoja nasi, mwenye furaha kwa sababu hakuna aliyemcheka. Kama mtu angetaka kumwita kifafa kwa makusudi, asingepata njia bora kupita hizo mbili: kuacha dawa kwa ghafula, na kunyima mwili usingizi.

Ile usiku ya nne alipiga kelele moja, si kama ya mtu anayeota. Mwili ulikauka, kisha ukaanza kurukaruka, na povu lenye damu likatoka kinywani. Tulikuwa watu ishirini na wawili. Wote tulikimbia, na wengine tulipita dirishani. Kapita wetu aliporudi na tochi, alimkuta Yaya chini kwenye simenti, paji la uso limepasuka, akikoroma. Hakuna aliyemgusa mpaka asubuhi.

Asubuhi tulimwandikia Prefe barua, kwa mwandiko mzuri, na wote tukatia sahihi. Tuliomba yule asilale tena katikati yetu, na sahani yake na kikombe chake viwekwe mbali. Kwetu nyumbani tulifundishwa kwamba povu la kifafa linaambukiza, na hata hewa anayotoa mgonjwa akianguka. (Musicheke. Wengi wenu munaamini hivyo hata leo.) Wakubwa, ili watutulize, walimpa chumba kidogo cha nyuma, kinapowekwa majembe. Alikaa mule majuma matano. Tuliona huruma kidogo, lakini tulilala vizuri.

Aliyetufungua macho ni mama mmoja muuguzi. Yaya hakufika kuchukua dawa ya mwezi, basi mama yule alikuja kwa miguu kumtafuta. Alipoonyeshwa kile chumba alisimama mlangoni, akahesabu majembe, akaomba tuitwe sote.

«Munamuogopa juu ya nini?» alituuliza. Tulitaja povu. Akacheka, lakini si kwa furaha. «Mimi ninawapangusa povu zaidi ya miaka kumi. Nilianguka siku gani?» Akatueleza kwamba ubongo unafanya kazi kwa nguvu ndogo ndogo za umeme, na kwamba kifafa ni pale chembe nyingi za ubongo zinapowaka pamoja bila utaratibu. Kitu kama hicho hakipiti kutoka kwa mate, wala sahani, wala hewa. Duniani watu karibu milioni 50 wana ugonjwa huu, na saba katika kumi wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata dawa inayofaa na kuimeza kila siku.

Kisha alisema neno ambalo hatukulisahau. «Na mutu wa kifafa cha usiku, munamulaza peke yake?» Alieleza kwamba wako wagonjwa wanaokufa kwa ghafula, bila ajali, na mara nyingi ni usiku, kitandani, hakuna aliyeona. Si wengi: waganga wanahesabu kama mmoja kwa watu wazima 1,000 wenye kifafa kila mwaka. Lakini hatari inaongezeka kwa yule ambaye kifafa kikubwa kinamjia mara kwa mara, na zaidi tena kama analala katika chumba bila mtu wa kusikia. Mwenye jirani anayeamka na kumgeuza ubavu ana ulinzi ambao kinini peke yake hakitoi.

Majuma matano, ndugu wasomaji. Tulikuwa tunahesabu kimya kimya.

Nyuma ya hayo tulianza kumuuliza Yaya mambo, naye alianza kujibu. Kovu la mkono si maji ya moto. Alianguka katika jiko la mama yake, akiwa na miaka tisa. Wakati ule alikuwa hana dawa, kwa maana mfumu mmoja alikula mbuzi wawili wa nyumba yao, na baadaye watu fulani wa maombi walisema ni pepo, wakakataza vinini. Wengi wanashika habari ya Marko 9, ya kijana aliyetupwa motoni na majini. Baba wa kijana yule alimleta mtoto penye msaada. Hatuoni mahali alipokatazwa dawa. Lakini haya tunawaachia wachungaji wetu.

Alituambia pia kwamba katika kijiji chao, karibu na mto wa maji ya kasi, watoto wenye kifafa ni wengi. Hilo si uchawi wa ukoo. Waganga waliofanya uchunguzi katika Ituri, sehemu za Logo na Rethy, waliona kifafa kingi mahali penye ugonjwa wa upofu wa mto, unaoletwa na inzi wadogo weusi wanaozaa katika maji kama hayo. Dawa ya ivermektini inayogawanywa vijijini ni ya kupigana na ugonjwa huo. Sehemu zingine kifafa kinatoka kwa malaria iliyopanda kichwani, au minyoo ya nguruwe, au mtoto aliyeumia akizaliwa.

Kuanguka kwenyewe kunachukua dakika mbili au tatu. Kinachobaki ndicho kirefu. Yaya anasoma somo jioni akalishika vizuri, na asubuhi limeondoka. Sisi tulimwita mjinga. Mwalimu wetu wa biologia anasema ubongo unaweka akiba ya masomo wakati wa usingizi, basi usingizi ukikatwakatwa, akiba inamwagika. Na lililotuumiza zaidi ni hili: Yaya alifikia kuogopa kulala. Katika chumba cha majembe alikaa macho, akijipiga makofi, kwa kuwa aliogopa kuanguka bila mtu kujua. Kwa kutolala, alianguka zaidi. Kwa kuanguka, aliogopa zaidi. Hatukumsikia.

Mwalimu yuleyule alitusimulia habari ya Alfred Hauptmann, mganga kijana wa Ujerumani. Inasemekana aliishi karibu na wagonjwa wa kifafa, na usiku hakupata usingizi juu ya makelele yao, basi akawapa fenobarbitali, dawa mpya ya usingizi, ili walale. Wakalala, na kifafa kikapungua. Aliandika habari hiyo mwaka 1912, na dawa ingali ikitumika, kwa bei ndogo. Yule bwana alitaka kulala, kama sisi. Yeye aliwapa wagonjwa dawa. Sisi tuliandika barua.

Yaya amerudi. Kitanda chake ni cha chini, karibu na ukuta, na simenti tumeifunika kwa mkeka. Taa inazimwa saa tatu na nusu, hata wakati wa mitihani, na wanaotaka kuendelea wanakwenda kwenye kalasi. Kipimo cha dawa kimerekebishwa, wala hakuna anayemcheka akimeza. Kila juma mmoja wetu analala kitanda cha jirani, ana saa ya mkono na tochi. Mama muuguzi alitufundisha: kuondoa vitu vigumu, kuweka nguo chini ya kichwa, kumgeuza ubavu mwili ukilegea, kutomshika kwa nguvu, kutotia kijiko wala kitu chochote kinywani, na kubaki naye. Ikipita dakika tano, au akianguka tena mbele hajaamka, tunakimbia kwa Prefe kwa ajili ya kumpeleka hospitali.

Asubuhi anasinzia bado, katika saa ya kwanza. Hesabu alipata nne juu ya kumi.

Juma lililopita alianguka, saa tisa ya usiku. Dakika mbili kwa saa ya mkono. Kulipokucha aliuliza ni nani alikuwa karibu, tukamwambia. Akaomba radhi juu ya shuka, akatoka kuitafuta. Ilikuwa kwenye kamba tayari, inatiririka maji.