Mbwa Anayeona na Mbwa Anayeonwa

Pwani, mbwa akibweka usiku watu hujigeuza tu wakaendelea kulala. Akianza kulia kwa ile sauti ndefu ya kuvuta, hapo mambo hubadilika. Kwetu Tanga bibi alikuwa akisoma audhu kimyakimya, na asubuhi swali lake la kwanza lilikuwa: nani mgonjwa mtaani?

Imani kwamba mbwa anayelia hivyo ameona jambo baya ina mzizi wake katika dini. Ipo hadithi ya Mtume inayotufunza kujikinga kwa Mwenyezi Mungu tusikiapo sauti za mbwa na punda usiku, kwa kuwa wanaona tusivyoviona. Sisi watoto tukaongeza yetu: ukijipaka tongotongo za mbwa machoni, utawaona wachawi na majini waziwazi. Kila mmoja wetu alikuwa na habari za mtoto wa mtaa wa pili aliyejaribu akarukwa na akili. Wa mtaa wetu hakuwahi kutokea.

Sasa naishi Norwich, mashariki mwa Uingereza, ambako mbwa hulala kwenye kochi na ana daktari wake. Mbwa wa jirani akilia usiku kucha, watu hawamwazi mgonjwa. Wanapeleka malalamiko ya kelele halmashauri. Nikadhani huku mbwa hana siri yoyote. Kumbe anayo, tena nzito kuliko yetu.

Mbwa huyo anaitwa Black Shuck. Ni mweusi, mkubwa, macho yake yanawaka, na hutembea kwenye njia za mashambani na kandokando ya pwani. Anayekutana naye, wazee wa huku walisema, ajiandae kwa kifo. Kisa chake maarufu ni cha Jumapili, tarehe 4 Agosti 1577. Dhoruba kali iliupiga mji wa Bungay watu wakiwa kanisani. Mwandishi mmoja wa London, Abraham Fleming, alichapisha kijitabu akisimulia kwamba mbwa mweusi alipita katikati ya waumini na kuua wawili waliokuwa wamepiga magoti. Siku hiyohiyo, akasema, alizuka katika kanisa la Blythburgh. Huko mlango una alama nyeusi za kuungua hadi leo, na wenyeji wanaziita alama za vidole vya shetani.

Daftari la kanisa la Bungay nalo limeandika vifo hivyo. Linasema watu wawili walikufa kwenye mnara wa kengele wakati wa dhoruba. Mbwa hatajwi.

Hata hivyo, hofu ya mbwa huyo imegeuka fahari. Bungay imemweka mbwa wake kwenye nembo ya mji, na sanamu yake inazunguka juu ya kionyesha upepo sokoni. Mgeni akifika, anaelekezwa akapige picha.

Kama dhoruba inavyoeleza vifo vya Bungay, imani ya bibi nayo ninaweza kuieleza. Zamani wagonjwa waliuguzwa nyumbani, na aliyekuwa macho saa nane za usiku ni yule anayemkandakanda mgonjwa. Ndiye aliyemsikia mbwa. Mgonjwa akifa, kilio kile kilikumbukwa miaka. Akipona, kilisahauliwa kabla ya chai. Aidha, mbwa husikia sauti nyembamba ambazo sikio la binadamu haliwezi kuzinasa, kwa hiyo si ajabu akishtukia jambo nasi tumetulia tuli.

Nikizipima hadithi hizi mbili, naona kwetu mbwa ni shahidi: jambo baya liko kwingine, yeye analiona tu na kulitangaza. Huku Uingereza, katika kisa cha Bungay, amefanywa mshtakiwa. Sisi hatumruhusu kukanyaga sebuleni, lakini tunakubali kwamba anajua tusilolijua. Wenzetu wamempa kochi, blanketi na daktari, kisha wakambebesha kesi ya dhoruba. Kwa upande huo, naona bibi alimtendea haki zaidi.