Kumsaka namba sita kabla ya saa tano usiku

Kiangazi cha mwaka 2023 Liverpool waliishiwa viungo. James Milner alihamia Brighton, Naby Keïta akaenda Werder Bremen, Alex Oxlade-Chamberlain akaondoka mkataba wake ulipokwisha. Kwa hao watatu mashabiki walikuwa wameshajiandaa. Pigo likatoka Saudi Arabia mwezi Julai: nahodha Jordan Henderson akachukuliwa na Al-Ettifaq, na Fabinho, mkabaji aliyewakinga mabeki kwa miaka mitano, akauzwa Al-Ittihad kwa pauni milioni 40. Ligi inaanza Agosti, na timu haina namba sita, kiungo mkabaji.

Naishi katika jiji hili la Liverpool, lakini nimekulia Turiani, Morogoro, kwa hiyo timu yangu ya kwanza maishani ni Mtibwa Sugar. Kila dirisha la usajili linapofunguliwa huku, mawazo yangu yanakwenda Manungu, uwanja ule uliozungukwa na mashamba ya miwa, na kwa vijana niliowaona wakicheza pale kabla nchi nzima haijawajua. Watu wakilinganisha usajili wa Ulaya na wa nyumbani huanza na ukubwa wa fedha. Mimi swali langu ni moja: klabu iliyomlea yule kijana imebaki na nini mkononi?

Kwanza nieleze ilivyokuwa huku, maana wengi nyumbani wanadhani kila kitu kwa hawa wenzetu kinakwenda kwa mstari ulionyooka. Hakikwenda hivyo. Liverpool walikuwa wamemtamani Jude Bellingham wa Borussia Dortmund muda mrefu, wakajitoa bei ilipopanda, akaenda Real Madrid. Wakawahi mapema kwa wawili: Alexis Mac Allister kutoka Brighton, na Dominik Szoboszlai kutoka RB Leipzig, ambaye mkataba wake ulikuwa na kipengele cha kuuzwa kwa bei iliyopangwa, kipengele ambacho muda wake ulikuwa unakwisha mwishoni mwa Juni. Hao walikuwa viungo wa kupandisha timu. Mkabaji hakuwepo.

Agosti ikawa ya mchecheto. Southampton walikataa ofa baada ya ofa kwa Romeo Lavia. Tarehe 11 Agosti, siku ya Ijumaa, Jürgen Klopp akathibitisha mbele ya waandishi kwamba klabu imekubaliana na Brighton kuhusu Moisés Caicedo, na dau lililotajwa lilikuwa pauni milioni 111. Ingekuwa rekodi ya Uingereza. Caicedo akasema hapana, anataka Chelsea. Jumapili yake timu hizo mbili zikakutana Stamford Bridge kwa sare ya 1-1, Jumatatu Caicedo akatambulishwa Chelsea kwa ada inayoweza kufika pauni milioni 115. Siku chache baadaye Lavia naye akaenda hukohuko. Kazini kwetu watu walikuwa kama wamefiwa.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo. Tarehe 18 Agosti, siku ileile Lavia anatambulishwa Chelsea, Liverpool wakamtambulisha Wataru Endo, nahodha wa Stuttgart na wa Japan, mwenye miaka 30, kwa takriban pauni milioni 16. Hakuna gazeti lililokuwa limemtaja kabla ya wiki ile. Kisha siku ya mwisho, tarehe 1 Septemba, dirisha likifungwa saa tano usiku, akaingia Ryan Gravenberch wa Bayern Munich, miaka 21. Jina la kwanza lilipopotea kulikuwa na jina la pili, la pili lilipopotea kulikuwa na la tatu. Februari 2024 Endo alianza fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, dhidi ya Chelsea hiyohiyo, na Liverpool wakashinda 1-0 kwa kichwa cha Virgil van Dijk dakika za nyongeza. Gravenberch akaja kuwa namba sita wa timu iliyochukua ubingwa wa England msimu wa 2024/25, baada ya Martín Zubimendi kukataa kuondoka Real Sociedad kiangazi kilichotangulia.

Huku pia wanakosea, tena sana. Liverpool hawahawa, siku ya mwisho ya dirisha la mwaka 2022, walimkopa Arthur Melo kutoka Juventus, na msimu mzima akachezea kikosi cha kwanza dakika 13. Leicester mwaka 2017 walimuuza Danny Drinkwater kwa Chelsea siku ya mwisho wakamnunua Adrien Silva wa Sporting Lisbon kuziba pengo. Hati zikaingia kwenye mfumo wa FIFA zikiwa zimechelewa sekunde 14. Sekunde kumi na nne! Kiungo wa timu ya taifa ya Ureno, bingwa wa Ulaya wa 2016, akakaa mazoezini hadi Januari 2018 bila ruhusa ya kucheza. Mfumo uliomkwamisha, ule wa TMS, ndio huohuo unaotumiwa Dar es Salaam mchezaji akitoka nje ya nchi. Umekuwa wa lazima duniani tangu Oktoba 2010. Kompyuta ni zilezile. Anayekwenda sokoni magharibi ya mkesha wa Idi hapangi bei, awe Leicester au Kariakoo.

Sasa nyumbani. Naomba nianze kwa sifa, kwa sababu sipendi makala za watu wa ughaibuni zinazodharau kila cha kwetu. Jicho tunalo. Msimu wa 2021/22 ASEC Mimosas ya Ivory Coast ilikuwa kundi moja na Simba katika Kombe la Shirikisho Afrika, na Watanzania wakamwona Stephane Aziz Ki kwa macho yao Uwanja wa Mkapa. Yanga wakamleta mwaka 2022. Mwaka uliofuata wakarudi ASEC kumchukua Pacome Zouzoua. Msimu wa 2023/24 Aziz Ki akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 21. Simba nao walimpata Clatous Chama kutoka Zambia mwaka 2018, wakamuuza RS Berkane mwaka 2021, wakamrudisha Januari 2022. Kiungo mkabaji kama Khalid Aucho wa Uganda ungeweza kumweka katika timu yoyote ya Afrika na asitishike. Mechi za CAF zimekuwa skauti wetu, na kwa klabu zisizo na ofisi za takwimu za ghorofa tatu, njia hiyo imefanya kazi kuliko wengi wanavyokiri.

Shida huanza mchezaji anapokuwa wetu, yuko ndani ya ligi yetu.

Kiungo mzuri wa klabu ya mkoani akionekana, hesabu ya kwanza inayopigwa ni mkataba wake unakwisha lini. Ukibaki miezi sita, wakubwa wanasubiri. Anaambiwa asisaini nyongeza, anaahidiwa gari na nyumba, na siku mkataba unapokwisha anamwaga wino akiwa mchezaji huru. Na mara nyingi anayemtaka hamhitaji sana. Anamhitaji mtani asimpate. Mwaka 2024 Yusuph Kagoma, kiungo aliyetoka Singida, alivutwa huku na huku na Simba na Yanga mpaka shauri likafika TFF. Mashabiki tulishangilia kana kwamba ni ushindi wa uwanjani.

Mfano mkubwa kuliko wote ni wa Feisal Salum. Fei Toto alitoka JKU ya Zanzibar akawa kiungo kipenzi wa Yanga pale Jangwani. Desemba 2022 akaweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga na kutangaza kwamba ameuvunja mkataba. Kamati ya TFF ikaamua Januari 2023 kwamba yeye bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita, kijana katika umri wake mzuri kabisa wa soka hachezi. Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa amewaalika Yanga Ikulu baada ya kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, akawaomba walimalize, na ndani ya siku chache Azam wakamtangaza. Msimu uliofuata akafunga mabao 19. Nchi ilihitaji kauli ya mkuu wa nchi ili kiungo mmoja ahame kutoka klabu moja ya Dar es Salaam kwenda nyingine. Mkataba wenye kipengele cha bei kilichoandikwa vizuri, kama kile cha Szoboszlai, ungelimaliza jambo lile kwa barua moja.

Binamu yangu wa Morogoro husema nikilinganisha hivi naonea, kwamba huku kuna fedha na kule hakuna. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa haki za televisheni na TFF wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi. Klabu zetu kubwa zinaruhusiwa kusajili wageni 12, na zinawajaza. Fedha si za Anfield, lakini zipo. Nilimjibu binamu: "Ndugu yangu, hebu niambie zinapita wapi na zinaishia kwa nani." Hakuwa na jibu, na mimi sina, na hapo ndipo penye kidonda.

Huku chama cha soka, FA, hutangaza kila mwaka kila klabu imewalipa mawakala kiasi gani. Klabu ni kampuni, na hesabu zake za mwaka mtu yeyote, hata muuza samaki, anaweza kuzisoma kwa msajili wa makampuni. Nyumbani wanachama husomewa mapato na matumizi kwa jumla kwenye mkutano mkuu, kisha mchezaji anatambulishwa saa saba usiku kwa picha nzuri na muziki, na ada yake inabaki siri ya watu wachache. Kijiweni tunabishana kuhusu tarakimu tulizobuni wenyewe.

Turudi kwa Caicedo. Brighton walimnunua mwaka 2021 kutoka Independiente del Valle ya Ecuador kwa kati ya pauni milioni 4 na 5. Alipouzwa Chelsea, sheria ya FIFA ya mshikamano ilikuwepo: asilimia 5 ya ada ya mchezaji anayeuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23, na kwa kijana aliyelelewa nje inaweza kuhusika hata akiuzwa ndani ya nchi. Klabu ndogo za Amerika Kusini zinajengwa kwa namna hii. Sheria hiyo ndiyo iliyozipa klabu zilizomlea Mbwana Samatta haki ya kudai chao alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020.

Kijana wa Turiani akienda Simba, kule Msimbazi, sheria hiyo haimgusi, maana ni Mtanzania anahama ndani ya Tanzania. Akienda akiwa huru ndiyo kabisa: hakuna ada, na asilimia tano ya sifuri ni sifuri. Mwaka 2016 Simba walichota Mtibwa vijana watatu kwa mpigo: Mzamiru Yassin, Shiza Kichuya na Mohamed Ibrahim. Mzamiru akakaa Msimbazi miaka na miaka, akawa kiungo wa kutegemewa kwenye mechi kubwa za Afrika. Manungu ilimfundisha kukaba, kutulia, kupiga pasi ya kwanza. Mtibwa ni bingwa wa Tanzania mara mbili, 1999 na 2000, na kwa miaka mingi imekuwa shule ya vijana wa nchi hii. Mwaka 2024 ilishuka daraja, ikarudi 2025. Timu ilishuka kwa sababu nyingi, na sitazibebesha Simba na Yanga lawama zote. Ila najua kwamba shule ya soka inayotoa wanafunzi bila kulipwa karo haiwezi kununua mipira.

Dawa yake haihitaji bajeti ya Ulaya. TFF inaweza kuweka kwenye kanuni za usajili kwamba kijana wa chini ya miaka 23 akihama ndani ya ligi, huru au si huru, klabu iliyomlea inalipwa fidia iliyopangwa kwa kiwango kinachojulikana, na kila mkataba wa kumuuza kijana kama huyo uwe na asilimia ya mauzo yajayo. Wakubwa watalalamika mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu watakuwa na viungo wa kuchagua kumi badala ya kugombania mmoja, na hawatahitaji kwenda Abidjan kila wanapotafuta mtu wa kugawa mpira.

Wewe unayesoma una kadi ya uanachama ya Simba au Yanga, na wengi wetu tulio nje tunalipia kadi hizo kila mwaka. Mkutano mkuu ujao usikae kusubiri kutajiwa jina la kiungo mpya. Simama, au mtume ndugu yako asimame, aulize: kiungo tuliyemsajili dirisha lililopita tulimtoa klabu gani, na klabu ile tumeilipa shilingi ngapi? Wakikosa jibu, uliza tena mkutano unaofuata.