Akiba ya Ghalani

Mwaka 2021 mwanangu alikuwa akitafuta gari dogo lililotumika kutoka Japani, apate kulifanyia biashara ya teksi. Kila alipokaribia kutimiza fedha, bei ilipanda. Akaniuliza, "Baba, korona ni maradhi ya watu. Haya magari nayo yameugua nini?"

Nilimweleza niliyoyasoma. Gari la siku hizi lina vipande vidogo vya silikoni, viitwavyo chipu, vinavyoongoza injini na breki. Mwaka 2020, viwanda vya magari vilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa, wenyewe walifuta oda zao za chipu. Watu waliojifungia majumbani wakanunua kompyuta kwa wingi, na chipu zikaenda huko. Wenye magari waliporudi, walikuta foleni ndefu. Na chipu moja huchukua miezi kutengenezwa. Machi 2021 moto nao ukaunguza sehemu ya kiwanda cha Renesas kiitwacho Naka, huko Japani. Magari mapya yakaadimika, watu wakayang'ang'ania yaliyotumika.

Mzizi wa mambo ulikuwa ile desturi, iliyoanzia Toyota, ya kutoweka ghalani kitu kisichohitajika siku hiyo. Toyota yenyewe ilionywa na tetemeko la ardhi la mwaka 2011, ikataka chipu ziwekwe akiba ya miezi kadhaa. Kwa hiyo iliyumba baadaye kuliko wenzake. Hata hivyo, ugonjwa ulipofunga viwanda vya Asia ya Kusini-Mashariki, ilipunguza kwa asilimia 40 magari iliyopanga kuunda Septemba 2021.

Sikuthubutu kuwacheka. Nilipokuwa mwalimu mkuu wa shule ya bweni, niliwahi kupunguza unga na maharage ghalani, nikiona fahari kwamba hesabu zangu hazina fedha iliyolala. Mtunza ghala, mtu mzima, alinionya: "Mwalimu, barabara hii naijua." Sikumsikia. Mvua ikakata barabara, na kwa siku nne watoto wakashindia uji mwepesi. Mmoja wa kidato cha kwanza alizirai mstarini mbele yangu. Hesabu zilikuwa safi kabisa. Tangu hapo sikuandika tena ubaoni "Akiba haiozi" bila kuona haya.

Mwanangu alipata gari mwaka 2023, kuukuu kuliko alilolitaka.

Ghala lililojaa huleta panya, nakubali. Lakini panya hufugiwa paka. Zile siku nne za njaa sikuwa na cha kuzifugia.