Nyufa za Kuacha

Wengi hupita darajani bila kujua kwamba mihimili haijakaa moja kwa moja juu ya nguzo. Katikati kuna beringi. Si ile ya gurudumu la baiskeli, ni pande la mpira mgumu lenye mabamba ya chuma ndani. Mhimili wa zege wa mita 20 ukipata joto la nyuzi 20 zaidi hurefuka kama milimita 4, na mpira huo ndio unaouachia nafasi bila kuisukuma nguzo. Chini ya beringi humwagwa grauti, tabaka la sentimita tatu hivi, ili mzigo ushuke sawasawa. Kwenye bei ya daraja zima ni kitu kidogo mno. Ndicho kilichoninyima usingizi Shanwe.

Nilipanga chumba huko mwaka wangu wa kwanza baada ya chuo, nikiwa mkaguzi upande wa mhandisi mshauri. Ilikuwa Septemba. Katavi ya Septemba ni vumbi na upepo mkavu, viboko wa mto Katuma wamebanana kwenye madimbwi, na matope ya pembeni yamepasuka vipande vipande kama vigae. Grauti nayo hupasuka hivyo hivyo: uso hukauka na kusinyaa haraka kuliko kilicho chini. Ukizidisha maji ili imwagike kirahisi, usipoloanisha zege kwanza, au ukichelewa kuifunika kwa magunia yenye maji, nyufa zitakuja tu.

Zilikuja. Kati ya beringi nane, tano zilikuwa na nyufa kwenye grauti yake. Fundi mkuu, mzee aliyeanza kujenga madaraja kabla sijazaliwa, alinitazama kwa huruma. "Injinia, hivi ni viufa tu, mwanangu. Nipe nusu saa nivipake saruji." Kisha akanitajia methali ya ufa na ukuta.

Methali hiyo naipenda nyumbani. Mama mwenye nyumba wangu ana ukuta wa tofali za kuchoma wenye ufa ambao, anasema, ulianza na tetemeko la Ziwa Tanganyika la Desemba 2005, lile la ukubwa wa 6.8. Kila kiangazi anauziba kabla ya mvua, na anafanya vema. Lakini kwenye grauti, kupaka juu ni kumziba mdomo shahidi. Ufa ulioachwa wazi utaupima leo na wiki ijayo. Uliopakwa utaupimaje?

Halafu kuna ugonjwa wa namba: milimita ngapi zinakubalika? Kanuni za Ulaya hutaja 0.3 kwa zege lenye nondo katika mazingira mengi, na watu huibeba namba hiyo hadi kwenye grauti. Lakini kwenye zege lile hofu kubwa ni nondo kushika kutu. Grauti yetu haikuwa na nondo, kazi yake ni kukandamizwa. Kwa hiyo mimi huuliza kwanza ufa uko wapi. Ukiwa ukingoni, nje ya beringi, na ni mwembamba kama unywele, hauna mzigo wa maana juu yake. Ukiingia chini ya beringi, na grauti ikatoa sauti ya uwazi ukiigonga kwa nyundo, basi kuna sehemu imekalia hewa, na mzigo wote utakimbilia pale palipo pagumu.

Tatu zilikuwa za ukingoni. Mbili zilipita chini, na zililia. Niliandika mbili zivunjwe.

Kreni ilikuwa imeshakodiwa, inalipiwa kwa siku. Mkubwa mmoja wa mkandarasi aliniita "dada" kwa sauti isiyo ya udugu, akauliza kama najua siku moja ni shilingi ngapi. Nilijua. Nilijua pia kuwa vibarua wangekaa bila posho.

Jioni nilimsimulia mama mwenye nyumba. Akauliza, "Na hizo tatu umeziacha kwa kuwa ni nzima, au umechoka kugombana?"

Asubuhi nilirudi na penseli, nikaweka alama kwenye ncha za kila ufa, na tarehe. Mbili zile zilimwagwa upya alfajiri, jua halijatoka. Mzee mwenyewe alizifunika magunia. Siku ya saba nyufa tatu hazikuwa zimevuka alama. Mzee aliomba kadi yangu ya kupimia, akapima mwenyewe, moja moja, kisha akaitia mfukoni. Hakuirudisha.