Majina Yapitayo Mwishoni: Filamu ya Pumzi Darasani Isiolo

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii hukaririwa mno darasani hata ikapoteza makali yake. Mwanafunzi huipokea kama kichwa cha insha, akabuni kisa cha wanakijiji waliojenga daraja, akapewa alama zake, na mambo yakaishia hapo. Alasiri moja ya muhula wa pili wa mwaka wa 2022, katika shule ya kutwa iliyo pembezoni mwa mji wa Isiolo, makali hayo yalirejeshwa na binti wa kidato cha tatu ambaye hata hakuitaja methali yenyewe.

Isiolo ni mji wa njia panda. Barabara itokayo upande wa Mlima Kenya hupitia hapo ikielekea Marsabit hadi Moyale, na sokoni hukutana Mborana, Msomali, Mturkana, Msamburu na Mmeru, kila mmoja na lugha ya mamaye, Kiswahili kikiwa ndicho kiungo. Mwaka huo misimu minne ya mvua ilikuwa imepita mfululizo bila mvua ya kutosha. Mifugo ilikufa, bei ya maji ikapanda, na mikokoteni ya punda iliyobeba mitungi ya lita 20 ikawa ndiyo inayosubiriwa kwa hamu kuliko gari lolote. Madarasani, madawati ya wasichana ndiyo yaliyokuwa ya kwanza kubaki wazi, kwani maji yakiwa mbali, aghalabu msichana ndiye anayetumwa.

Mwalimu wa Kiswahili wa shule hiyo alikuwa na dhamira ndogo tu: kufundisha aina za wahusika. Alikwisha kuchoka kuchora jedwali lile lile ubaoni: mhusika mkuu, mhusika msaidizi, mhusika bapa, mhusika duara. Akaamua kutumia Pumzi, filamu fupi ya bunilizi ya kisayansi iliyoandikwa na kuongozwa na Mkenya Wanuri Kahiu mwaka wa 2009. Filamu hiyo ina urefu wa dakika 20 hivi, yaani inatosha katika kipindi kimoja na nafasi ya maswali ikabaki. Aidha, jina lake ni la Kiswahili, ingawa maneno machache yanayosemwa ndani yake ni ya Kiingereza. Jambo hilo nalo lilifaa kujadiliwa.

Maandalizi hayakuwa mepesi. Projekta iliazimwa kutoka shule jirani. Umeme ulipopotea asubuhi, mwenye kinu cha kusaga mahindi aliombwa jenereta, naye akaja nayo mwenyewe kwa mkokoteni, akakaa nje akiilinda kama mwana mgonjwa. Mpishi wa shule alitoa shuka jeupe likawambwa ukutani. Wavulana wawili walipanda juu ya madawati kuziba madirisha kwa magunia. Hatimaye giza likapatikana, na hadithi ikaanza.

Hadithi ya Pumzi inatokea Afrika Mashariki ya siku zijazo, miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, vita vilivyopiganiwa maji. Nje ardhi imekufa. Watu wanaishi ndani ya jumuiya iliyofungwa iitwayo Maitu, neno la Kikuyu lenye maana ya mama. Humo jasho na mkojo husafishwa vikanywewa tena, nguvu za umeme huzalishwa kwa miili ya watu wanaojizoeza kwenye mashine, na ndoto huzuiwa kwa vidonge. Asha, mtunzaji wa makumbusho ya viumbe na mimea iliyotoweka, anapokea kifurushi cha udongo kisicho na jina la aliyekituma. Anaupima udongo na kuona una maji. Anapanda mbegu, nayo inachipua. Wakuu wanamnyima ruhusa ya kutoka nje, wanamwondoa kazini na kumtia kwenye mashine. Anatoroka kwa msaada wa mwanamke asafishaye vyoo, ambaye hapo awali Asha alimgawia maji yake kidogo. Anavuka jangwa, anaupanda mche, anaumwagia tone lake la mwisho, kisha anaukinga jua kwa mwili wake mwenyewe.

Wanafunzi wale hawakuhitaji kuelezwa kiu ni nini. Asha alipokinga jasho lake ili lisafishwe anywe, hakuna aliyecheka. Waliopiga kelele walipiga pale mche ulipomwagiwa maji, kwa kuwa walijua thamani ya tone lile kuliko mhakiki yeyote wa mjini.

Filamu ilipokwisha, majina yakaanza kupanda kwenye shuka. Mwalimu akanyoosha mkono kuzima, kama ifanyikavyo kila mahali. Ndipo binti mmoja aliyekaa nyuma, ambaye dawati lake lilikuwa wazi kwa muda wa wiki mbili, akasema, “Mwalimu, ngoja kidogo. Hao wote walifanya nini?”

Mwalimu akauacha mkono hewani. Majina yakapita. Alianza kueleza kwa wepesi: mwongozaji ni Wanuri Kahiu, mwigizaji mkuu ni Kudzani Moswela, mpiga picha ni Grant Appleton, mhariri ni Dean Leslie, muziki ulitungwa na Siddhartha Barnhoorn, mtu wa Uholanzi. Alieleza pia kuwa picha zenyewe zilipigwa Afrika Kusini, na kwamba sehemu ya fedha ilitoka Marekani kupitia mpango wa kampuni ya Focus Features wa kusaidia filamu fupi za Afrika, na nyingine katika Taasisi ya Goethe. Kahiu ameeleza kuwa wazo lilimjia kutokana na maji ya kunywa kuuzwa kwenye chupa: akajiuliza, je, siku moja hewa nayo itauzwa? Wazo lilikuwa la mtu mmoja. Lakini toka swali hilo hadi mti ule kuonekana jangwani, ilibidi mikono ya nchi kadhaa ikutane.

Hapo ndipo maneno yalipoanza kumpungukia. Filamu ya aina hii huhitaji watu ambao riwaya haiwahitaji. Mwandishi wa riwaya akitaka jangwa, huandika “jangwa” na jangwa likawa. Katama Mkangi alipomrusha Dzombo angani katika Walenisi mwaka wa 1995, hakuhitaji seremala wa kukijenga chombo wala fundi wa kukiangaza, wino ulitosha. Filamu haipewi ruhusa hiyo. Dunia ambayo haipo lazima ijengwe kwa misumari, rangi na kitambaa, na kile kisichojengeka kichorwe kwa kompyuta. Yupo anayeshona vazi la karne isiyofika. Yupo anayegeuza lenzi kwa vipimo ili uso wa mwigizaji atembeaye usififie. Yupo anayekaa chumbani miezi mingine baadaye akikanyaga changarawe, ili mtazamaji asikie hatua za Asha mchangani. Yupo anayeunganisha picha ya mwigizaji na picha ya mahali pasipokuwapo. Na yupo, bila shaka, anayewapikia hao wote na anayewaletea maji.

Mwalimu aliwaeleza kazi hizo moja moja, kisha akakiri kuwa nyingi kati yake hakuwa na neno la Kiswahili la kuziitia. Darasa likaamka. Mwenye kukanyaga changarawe akaitwa mwigavishindo. Mwenye kuunganisha picha akawa mshonapicha. Kuhusu mgeuza lenzi palizuka ubishi; kundi moja lilitaka mlinzi wa uangavu, jingine likasema jina hilo linamfaa askari wa taa za barabarani. Kicheko kikawa kikubwa, lakini jambo lililokuwa likitendeka halikuwa la mzaha. Kiambishi kile kile cha m- na wa- wanachokikariri katika sarufi kilikuwa kikiwatoa watu gizani. Kazi isiyo na jina katika lugha ni rahisi kudhaniwa haina mtendaji.

Wapo wasiotajwa hata pale orodha inapokuwapo. Katika filamu ya Return of the Jedi ya mwaka wa 1983, rubani msaidizi Nien Nunb, kiumbe wa sayari nyingine, anazungumza Kikuyu. Sauti ile ilitolewa na Kipsang Rotich, mwanafunzi kutoka Kenya. Watazamaji wa Kikuyu waliisikia lugha yao ikitoka angani, wala jina la mwenye sauti halikuwamo miongoni mwa majina yaliyopita mwishoni.

Na Isiolo yenyewe ina kisa chake, ingawa si cha sayansi ya kubuni. Mji huo ndio uliokuwa makao ya George Adamson, mkuu wa ulinzi wa wanyamapori wa eneo la Kaskazini, wakati yeye na mkewe Joy walipomlea simba Elsa tangu mwaka wa 1956. Kitabu cha Joy, Born Free, kilitoka mwaka wa 1960, na filamu yake mwaka wa 1966. Elsa anajulikana duniani kote, na Elsa wa filamu alikuwa simba kadhaa wakipokezana. Lakini ni wangapi wanaomjua Nuru, aliyekuwa mlezi wa simba huyo tangu akiwa mtoto? Ni wangapi wanaomjua Makedde, askari wa wanyamapori, Mturkana, aliyefuatana naye porini? Wote wawili wamo kitabuni kwa majina yao. Msomaji ndiye aliyewapita.

Kipindi kilipokaribia kwisha, mwalimu akarejea kwenye lengo lake. Asha, akasema, ni mhusika mkuu. Mwanamke asafishaye vyoo ni mhusika msaidizi, tena bapa: hatuelezwi jina lake, hatujui atokako, habadiliki. Aliandika hivyo ubaoni, kama ilivyo katika vitabu vyote vya kiada.

Binti yule wa nyuma akainua mkono. “Mwalimu, kama hangemsaidia, mti ungeota?”

“Haungeota.”

“Basi mbona tunasema yeye ni bapa? Labda kamera tu haikumfuata nyumbani.”

Kengele ikalia, lakini swali halikuondoka. Kwa hakika, istilahi za uhakiki si maneno yasiyo na upande. Humwambia msomaji amtazame nani na ampite nani. Ubapa wa mhusika ni sifa ya jinsi alivyosawiriwa. Kosa ni kuuchukua kama sifa ya mtu mwenyewe. Msafishaji yule ndiye aliyejitia hatarini bila ahadi ya kuuona mti. Huenda hata jina la riwaya ya Mkangi lilikuwa linasema hivyo hivyo tangu mwanzo, maana ukilikata vipande unapata “wale ni sisi”. Wanafunzi na wahadhiri wanaochambua filamu kama maandishi ya mtu mmoja wangefaidi kukaa hadi jina la mwisho lipite, na wanaounda istilahi wangefaidi kuanzia kwa wale ambao Kiswahili bado hakijawaita.

Kazi ya nyumbani ilikuwa insha kuhusu mhusika yeyote wa Pumzi. Wengi waliandika juu ya Asha. Binti yule aliandika juu ya msafishaji: namna anavyorudi kwake baada ya Asha kutoroka, anavyoulizwa na walinzi, anavyonyamaza, na anavyoamka kesho yake kwenda kusafisha vyoo vile vile huku akijua jambo ambalo wakuu hawalijui. Chini ya insha alipiga mstari, kisha akaandika kwa herufi kubwa: WALIOFANIKISHA INSHA HII. Chini yake palifuata orodha. Dada mdogo, aliyekwenda kisimani kwa zamu isiyokuwa yake. Mama, aliyemruhusu. Jirani, aliyetoa taa. Punda, aliyefika. Mwenye jenereta.

Mwongozo wa kusahihisha hauna mahali pa orodha kama hiyo. Mwalimu aliisahihisha insha kwa kalamu nyekundu, akaitolea alama kati ya 20 kama nyingine zote, na orodha akaiacha bila kuigusa. Siku iliyofuata alimwita binti pembeni, akamuuliza dada mdogo anaweza kushika zamu ya maji siku zipi. Akajibiwa Jumanne na Alhamisi. Mwalimu wa hisabati alikubali kubadilishana vipindi, na tangu wiki hiyo insha ikawa inaandikwa Jumanne na Alhamisi.